Ua la Mkoa kwa Mafuta ya Mawese

Siku ya kuniaga walinikatia keki yenye ramani ya Ontario, na ramani yenyewe ilikuwa na makosa. Kaskazini yote haikuwepo. Mwokaji alianza vizuri pale chini kwenye maziwa, akapanda kidogo, sinia ilipomwishia akafunga mkoa kwa mstari wa chokoleti akaenda zake. Miaka nenda miaka rudi nimewaambia watu kwamba sehemu kubwa ya mkoa huu iko huko juu, misitu, mawe na vinamasi, na kwamba ukubwa wake unaimeza Tanzania nzima na nafasi inabaki. Halafu siku ya kustaafu wananiletea kipande cha chini na kunipigia makofi. Niliila. Keki ni keki.

Kabla sijavaa koti, mratibu wetu Kyle akaniomba niwaandikie walimu vijana maarifa machache ya kazi. Alitaka ukurasa mmoja wenye vidoti, hoja fupi fupi kila moja na nukta yake mbele. Kyle ni kijana wa adabu, ana ndevu zilizochongwa na imani kubwa katika vidoti. Bahati nzuri hasomi Kiswahili, kwa hiyo naandika nitakavyo. Nasema nanyi mnaokisoma: Neema, uliyerithi darasa langu, na wenzako watakaokuja Neema akishachoka.

Kwa msionijua, mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia Korogwe kabla ya kumfuata marehemu mume wangu huku. Toronto ilinipokea kama inavyowapokea walimu wote: ikanipa ufagio na sare. Hayo siyaandiki, kila mtu anayo ya kwake na yote yanafanana. Naanzia pale kituo cha wahamiaji cha Rexdale, chini ya ghorofa moja ndefu karibu na Barabara ya Kipling, kilipotafuta mtu wa kufundisha kozi ya "Ijue Ontario" kwa Kiswahili. Kozi ilikuwa na sehemu nne: mkoa ulivyokaa, alama zake, hali ya hewa yake na uchumi wake. Nikajiambia, hii naifanya nimefumba macho. Kama nimefundisha mito ya Afrika Mashariki kwa watoto waliokuja shule bila chai, nitashindwa na maziwa ya Kanada?

Siku ya kwanza nilipewa kijitabu. Mnakijua, mpaka leo ndicho hicho hicho, wamebadilisha jalada tu. Ukurasa wa kwanza una bwana mmoja ndani ya mtumbwi mwekundu, peke yake katikati ya ziwa, anacheka na hakuna aliyemchekesha. Nikasoma maneno ya chini kwa sauti ya darasani: Ontario ni nchi ya maziwa. Mwanafunzi mmoja mtu wa Fizi kule Kongo, Baba Elia, akanyoosha mkono, akauliza kama yule bwana alikuwa anakimbia vita au alikuwa anakwenda kununua kitu. Nikasema anafurahi tu. Baba Elia akaitazama picha tena, akawageukia wenzake, na darasa zima likamwonea huruma yule bwana. Somo la kwanza likaishia hapo.

Aliyeniokoa ni Bi Carvalho. Alikuwa Mgoa wa Nairobi, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, karani mstaafu aliyejitolea pale kituoni kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, nyumbani kulikuwa na mume. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Nairobi ya zamani, cha kuwaamrisha watu jikoni, na mimi niliyekulia Tanga kilinikera masikioni kama mchanga ndani ya wali. Siku ile alikuwa amekaa nyuma ya darasa anashona kifungo. Watu walipotoka akaja mezani kwangu, akakifunga kile kijitabu kwa kidole kimoja.

"Wewe hapana fundisha picha," akasema. "Fundisha kitu."

Nilimsikiliza kwa sababu funguo za kabati alikuwa nazo yeye. Ndani ya kabati mlikuwa na kikapu. Neema, kikapu hicho sasa ni chako, na usikubali Kyle akipige picha, akiweke kwenye kompyuta, halafu akitupe. Ndani yake mna sarafu ya dola moja, kwa sababu ndege aliyechorwa juu yake, yule wa majini wanayemwita loon, ndiye ndege wa Ontario, na hakuna mwanafunzi asiyemjua. Kila Jumamosi wanamtumbukiza kwenye mashine ya kufulia nguo. Mna kopo la nyanya za Leamington kwa ajili ya kilimo. Mna jiwe zito la Sudbury, kwa ajili ya nikeli, ambalo limeshaangukia miguu ya wakaguzi wawili. Mna koni ya msonobari mweupe, mti wa mkoa. Mna glavu moja yenye tundu kwenye kidole gumba, kwa ajili ya hali ya hewa. Na mna kadi ya afya ya Bi Carvalho mwenyewe, iliyokwisha muda, kwa ajili ya ua la mkoa lililochapwa juu yake.

Ile glavu msiidharau. Kijitabu kinasema Ontario ina majira manne yaliyo dhahiri. Dhahiri kwa nani? Mtu anafungua pazia Februari, anaona jua linawaka mpaka linamuumiza macho, anatoka na kandambili kwenda kutupa taka, na kabla hajafika kwenye pipa masikio hayasikii tena kwamba ni yake. Nimewafundisha watu kwamba jua la huku wakati wa baridi ni pambo. Nimewafundisha waangalie upepo kabla ya kipimo cha joto, wavae nguo tatu nyepesi badala ya koti moja la kujionyesha, na wajue kwamba Julai itakuja na fukuto la Tanga kabisa, na wenyeji walionuna Januari watanuna upya. Halafu kuna yale majira ya majani kuwa mekundu, ambayo watu hupanda magari kwenda kuyatazama yanavyokufa. Waambieni wanafunzi wasicheke mbele yao.

Uchumi ndio ulionipandisha hasira zaidi. Kijitabu kina roboti inayochomelea gari, na majengo ya benki ya katikati ya mji yanang'aa. Mtu hata mmoja hayupo. Na mimi mbele yangu wamekaa watu waliotoka moja kwa moja kwenye zamu: mmoja amekata kuku, mwingine amepakia masanduku katika maghala ya karibu na uwanja wa ndege, mama mmoja amemwogesha bibi kizee wa Kiitaliano na kumlisha uji. Uchumi wa mkoa ulikuwa umekaa mbele yangu unasinzia. Nikakiweka kijitabu kando. Nikawa namuuliza kila mmoja, jana mikono yako imeshika nini? Akitaja, naandika ubaoni: viwanda, uchukuzi, matunzo ya wazee. Mkaguzi mmoja alikuja, akaandika kwamba mwalimu anatoka nje ya mada. Alikuwa yule wa pili kuangukiwa na jiwe.

Sasa niwape habari ya Mama Bahati, maana bila yeye haya yote ni vidoti tu.

Mama Bahati ni mtu wa Uvira, mama wa makamo, mnene, mpole, wa kiwanda cha mikate. Alikuja darasani kwangu baada ya kuanguka mtihani wa uraia, na alikuwa anasubiri kuitwa mbele ya afisa aulizwe maswali kwa mdomo. Haja yake ilikuwa moja na hakuificha. Mama yake mzazi alikuwa bado kambini upande wa Kigoma, mzee sana, na macho yalikuwa yanaanza kumwacha. Mama Bahati alikuwa na ile hati ya kusafiria ya mkimbizi, na kila alipoitoa kuombea viza aliambiwa asubiri, na kusubiri alishasubiri. Wenzake waliopata pasipoti ya Kanada walikuwa wanakwenda na kurudi. Alitaka pasipoti amwone mama yake wakati mama yake naye bado anaweza kumwona. Mabunge, wafalme, mikoa na miji mikuu yake, vyote kwake vilikuwa mlango wa kupitia, na alivisoma kama mtu anayetafuta ufunguo wa huo mlango.

Siku niliyotoa kadi ya afya kuwaonyesha triliamu, lile ua jeupe la petali tatu, aliiomba kadi, akaisogeza karibu na macho, akaigeuza huku na huku.

"Linaliwa?" akauliza.

Darasa likacheka. Mimi nikamwambia, mama, hiyo ni nembo ya serikali, si mboga. Akasema asante Mwalimu, akarudisha kadi. Nilidhani yameisha.

Basi Aprili, theluji ilipoyeyuka, nikawapeleka darasa zima bonde la Mto Humber, kwa kufuata ile kanuni ya Bi Carvalho ya kufundisha kitu. Nilikuwa mbele nawaonyesha msonobari mweupe unavyotambulikana, kwamba sindano zake hutoka tano tano kwenye kishada kimoja. Kyle alikuwa ananipiga picha kwa ajili ya ripoti. Nyuma kabisa, chini ya miti, ardhi ilikuwa imeanza kutoa majani mabichi, matatu matatu, laini, bado hayajachanua. Mtu wa Uvira aliyepitisha miezi ya baridi akila mchicha wa kwenye friza, mkimwonyesha majani kama yale hangoji kuambiwa. Mama Bahati alivua kitenge alichojifunga juu ya koti, akakitandika, akainama, akaanza kuchuma ncha kama mtu anayechuma matembele shambani kwake.

Akatokea mzee mmoja na mbwa. Mbwa alikuwa amevaa koti zuri kuliko langu. Yule mzee akapaza sauti kwamba hiyo ni triliamu, ua la mkoa, kuichuma ni kosa la jinai, na yeye atapiga simu. Nilipofika alikuwa anatetemeka kwa uzalendo. Nikamwambia kwa upole wote niliokuwa nao kwamba hakuna sheria ya mkoa ya kumfunga mtu kwa ajili ya ua hilo. Ni kweli bustani za mji zina kanuni ya kutochuma mmea wowote, nikamwomba radhi kwa hiyo. Hakunisikia. Nusu ya wenyeji wa mkoa huu wamekua na imani hiyo, wameisikia kwa bibi zao, na sijakutana na hata mmoja aliyeisoma mahali. Akaondoka anamlalamikia mbwa. Nilipogeuka, kitenge kilikuwa kimeshakunjwa na kufichwa ndani ya koti, na Mama Bahati alikuwa anatazama viatu vyake.

Na nyinyi mnaofundisha, waonyesheni watu majani, si ua peke yake. Mmea ule ukikatwa majani hukaa miaka haujatoa ua tena, na hiyo ndiyo sababu ya maana ya kuuacha. Lakini sababu ya maana haina nguvu kama uvumi.

Kwenye basi la kurudi nilimsimulia Kyle kama kichekesho. Hakucheka. Akasema anaamini kweli ni kinyume cha sheria, na kwamba itabidi niandike taarifa ya tukio. Nikamuuliza sheria gani. Akasema kila mtu anajua. Huyu ana shahada mbili, na moja ni ya mazingira. Taarifa sikuiandika, na mpaka leo hajaikumbuka.

Wiki iliyofuata Mama Bahati hakuja darasani. Na iliyofuata. Simu yake ilikuwa inaita bila kupokelewa. Baba Elia ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya chini mlangoni, kwamba ile barua ya kumwita kwa afisa ilikuwa imeshafika, na kwamba Mama Bahati amesema haendi. Nikamwambia Baba Elia hajasikia vizuri. Akasema amesikia vizuri sana, wanaishi ghorofa moja.

Nikapanda basi la Islington nikaenda kwake. Alinipokea kwa heshima, akanipikia chai ya tangawizi, akakaa kwenye ukingo wa kochi kama yeye ndiye mgeni. Nikamuuliza kulikoni. Akajibu bila kuzunguka.

"Siendi, Mwalimu. Nitafika pale, bataniuliza kama nimefanya kosa katika inchi yao. Nikisema hapana, nimedanganya serikali. Nikisema ndiyo, batanifunga."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia nimalize chai, kisha akanieleza. Alikuwa msichana mdogo, enzi za Zaire, na asubuhi bendera ikipandishwa kila mtu barabarani anasimama palepale alipo, mwenye mzigo na asiye na mzigo. Baba yake alikuwa anateremka mlima na baiskeli iliyobeba gunia la mihogo, na breki zilikuwa za kuombea Mungu. Akapita mlingoti kabla baiskeli haijasimama. Askari wakamchukua. Alirudi nyumbani baada ya siku kadhaa na mguu ambao haukunyooka tena mpaka alipokufa, na hakuwahi kuipita tena ile barabara, alikuwa anazungukia mtoni.

"Na ile ilikuwa bendera tu, hakuigusa," akasema Mama Bahati. "Mimi hii yenu nimeipika."

Nikauliza kama ameyala yale majani. Akasema aliyapika yote, kwa mafuta ya mawese na karanga, akala sahani nzima peke yake, bila kuwapa watoto, ili wakija kutafuta wasikute kitu. Nikamuuliza yalikuwaje.

"Chungu," akasema.

Niliumia, nawaambieni. Niliumia na nikakasirika, na kwa kuwa sikujua wa kumkasirikia nikaanza na yule mzee wa mbwa, nikaja kwa Kyle, nikaja kwa bwana wa kwenye mtumbwi, nikawatukana wote mmoja mmoja pale kwenye kochi kwa Kiswahili cha Tanga, ambacho kwa kazi hiyo hakina mpinzani. Mama Bahati alinisikiliza kwa adabu. Nikamweleza sheria ilivyo. Akasema ndiyo Mwalimu. Nikamweleza tena. Akasema ndiyo Mwalimu. Nilikuwa nafundisha picha.

Kando ya birika palikuwa na rundo la bahasha za serikali ambazo hazijafunguliwa. Alikuwa anaziogopa. Moja ilikuwa nene, na pembeni ina alama ninayoijua. Nikaiomba, nikaifungua mbele yake. Mliofika hamsini mnazijua hizo, daktari anakuagizia, zinakuja kwa posta: kuna kichupa, kuna kijiti, na kuna maelezo yenye michoro ya jinsi ya kuchukua choo chako kidogo, kukifunga na kukirudisha kwa posta kikapimwe kama una saratani ya utumbo. Nikamfafanulia mchoro kwa mchoro. Akashika shavu. Kisha nikamwekea kidole kwenye kona ya karatasi.

"Unaliona hili?"

"Ni lile ua."

"Kule kwenu nembo waliiweka juu ya mlingoti na askari chini yake," nikamwambia. "Hapa wameichapa kwenye karatasi ya kupimia choo. Sasa niambie, nani atakufunga kwa ajili yake?"

Aliichukua karatasi. Aliitazama kwa muda mrefu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakishika kile kijiti, akakirudisha ndani upesi. Halafu akaanza kucheka. Alianza kwa kufunika mdomo, kisha akashindwa, akainamia magoti, akawa anafuta machozi kwa upande wa kitenge, anauliza, na watu wanarudisha? Nikasema wanarudisha. Kwa posta? Kwa posta. Tarishi anabeba? Anabeba. Alicheka mpaka nikakamata kikombe chake kisianguke. Nilipokuwa navaa viatu mlangoni akasema ataenda, lakini kosa lake atalisema. Nikamkataza kwa lugha zote nilizo nazo. Akasema ndiyo Mwalimu.

Siku ya afisa nilimsindikiza. Hawakuniruhusu kuingia, nikakaa kwenye kiti cha plastiki barazani. Ukutani walikuwa wamebandika picha ya mtumbwi. Nilikaa nautazama ule mtumbwi, na mimi ambaye nimewadharau maafisa wa nchi mbili nilikuwa nainuka kila mlango ulipofunguliwa. Nilikuwa nahesabu kichwani mambo ambayo angeweza kusahau, na yote niliyafundisha mimi.

Akatoka ametulia kama mtu aliyetoka sokoni. Alinieleza tukiwa kwenye lifti. Kabla hata hajakaa alimwambia yule afisa, mwanamke mwenye miwani, kwa Kiingereza chake, kwamba yeye amekula ua la Ontario. Afisa akamtazama, akatazama karatasi yake, akamtazama tena. Akasema hilo halimo kwenye maswali yake, akamuuliza mji mkuu wa Kanada ni upi na uko mkoa gani. Ottawa, Ontario. Akamuuliza mkoa huu unatengeneza nini. Mama Bahati akasema magari, halafu kuku, halafu mikate, na mikate akaieleza tangu unga mpaka lori mpaka afisa akasema inatosha.

Alifaulu. Nililia kwenye lifti, na mtu mmoja aliyepanda katikati akashukia ghorofa isiyo yake.

Sherehe ya kula kiapo ilikuja baadaye, katika ukumbi wenye zulia na bendera nyingi, na mimi nilikaa upande wa wageni. Baada ya kiapo akasimama mwanasiasa mmoja wa mkoa, bwana mwenye meno mengi, anapeana mikono na kumpa kila raia mpya beji ndogo ya kubandika kifuani. Beji ya triliamu. Foleni ikaenda vizuri mpaka ikamfikia Mama Bahati. Alipoiona akarudi nyuma hatua moja, akaweka mikono yote miwili mgongoni. Bwana akamnyooshea beji. Mikono haikuja. Foleni ikasimama, wapiga picha wakasimama, ikabidi niinuke niende mbele na viatu vyangu vinavyolia.

"Mwambie ampe mwingine," Mama Bahati akaninong'oneza. "Mimi langu nilishalila."

Bwana akaniuliza anasema nini. Nikamwambia anasema amezidiwa na furaha. Yule bwana machozi yakamlengalenga, akashika moyo wake, akainama akambandika beji kwa mkono wake mwenyewe, na picha hiyo akaiweka kwenye ukurasa wake kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia bila kuumwa. Mama Bahati alisimama wima kama aliyesimamishwa na askari. Alipofika kwenye kiti chake akaigusa ile beji kwa ncha ya kidole, akaniangalia upande wa wageni, na mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko.

Pasipoti ikatoka. Kiwandani wakamnyima likizo, kisha wakampa, kama kawaida yao. Katikati ya hapo ndipo mimi nikastaafu, nikala ile keki.

Jumapili iliyopita nilikuwa napanga kikapu nikuletee, Neema, simu ikaita kwa video. Ni Mama Bahati, jasho usoni, nyuma yake turubai na ukuta wa udongo. Akageuza simu. Amekaa bibi mmoja kwenye kiti cha mbao, mwembamba, macho yana ukungu lakini yanatafuta. Kifuani, juu ya khanga, amebandikwa ile beji. Mama Bahati akamwambia, mama, huyu ndiye mwalimu wangu wa Kanada. Bibi akasema karibu, kwa adabu tu, kama mtu aliyekatizwa jambo la maana. Alikuwa ameshaivua beji. Akaipapasa kwa kidole gumba, petali moja, ya pili, ya tatu, akaisogeza karibu na jicho lake moja linaloona, akaisogeza puani. Kisha akamgeukia binti yake.

"Linaliwa?"

Mama Bahati akanitazama mimi kwenye simu, kama anayeomba ruhusa. Nikamwambia amjibu mzazi wake.

"Linaliwa, mama," akasema. "Chungu tu kidogo."